Wa Chini Hatazami Juu

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Mama naye mzima, na paa la ukumbi wako wa sarakasi limezibwa kabla ya mvua. Huku sisi wazima.

Nakuandikia wewe na si Mama, kwa sababu kwenye simu husemi kitu. Unasema "haya, haya, zungumza na mama yako," kisha nasikia kandambili zako zinaondoka. Barua huwezi kumpokeza mtu kabla hujaimaliza.

Nina neno. Mnajua nilikuja huku kulipikia kundi la sarakasi. Ni kweli nilipika, miaka miwili ya mwanzo. Sasa sipiki. Tangu mwaka jana mimi ndiye wa chini kwenye mnara. Wa pili anasimama mabegani mwangu, wa tatu anasimama mabegani mwa wa pili, na mimi natembea nao jukwaani kutoka upande huu mpaka ule. Ilianza kwa gunia la vitunguu. Kiongozi wetu, mwanamke mfupi tunayemwita Kamanda, alinikuta natoka nalo stoo. Akasema, "Simama." Nikasimama. "Chuchumaa." Nikachuchumaa. "Inuka." Nikainuka. Akanizunguka, akauliza nani alinifundisha kuinuka na mzigo bila kuyumba. Nikasema hakuna. Nilitamani sana kusema ni wewe.

Baba, unaikumbuka siku ya mstari? Nilikuwa na miaka tisa. Watoto wa mtaa mzima tulijipanga uchague utakaowafundisha, ukapita ukigusa mabega, na uliyemgusa alipiga hatua mbele. Uliponifikia, mkono wako ulipita juu yangu ukamgusa aliyefuata. Ukasema, "Wewe nenda kamsaidie mama yako." Hukusema kwa ukali, ndiyo maana sikulia palepale. Toka hapo kazi yangu ikawa kutandika magodoro ya mazoezi na kuyakusanya, na wenzangu wakanipa jina la Gunia. Wao walikuita Mwalimu. Mimi nilibaki na Baba tu, nikawaonea wivu kwa neno lile.

Mwezi wa nane kundi letu linakuja mji ule wa jirani na kwenu, mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Nimewaombea viti viwili vya mbele kabisa. Ninachotaka ni kimoja: uje unitazame. Tangu siku ile sijakuomba kitu, nadhani unajua.

Nimeweka na picha.

Binti yako

*

1 Machi

Kwa binti yangu,

Marahaba. Barua imefika. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua, ulimi haumsumbui. Paa bado. Fundi anasema kesho, na kesho yake haina mwisho.

Picha nimeiangalia. Kisigino chako cha kulia kimenyanyuka. Wa chini anasimama kwa unyayo mzima. Shingo umeipeleka mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mkono wa kushoto umemshika mwenzako kwenye kifundo cha mguu. Panda juu kidogo, shika penye nyama. Huyo Kamanda wenu haoni? Rekebisha kabla hujaumia.

Mvua zimeanza huku.

Baba yako

*

20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usipande ile ngazi ya stoo, mtume mtu.

Mumeo amenijibu. Sijui kama amekuonyesha. Nilimwomba aje anitazame, yeye amenitumia kasoro. Kisigino, shingo, mkono. Mwezi wa nane hakuugusa hata kwa neno moja, ameupita kama alivyonipita mimi. Mvua zimeanza, anasema. Mama, mimi niliulizia mvua? Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la vifaa na ile barua mkononi, Kamanda akanijia mbio akidhani nimepata msiba.

Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kukwambia. Unajua ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa ukumbi. Jioni wakiwa mazoezini nilikuwa nalala chali sakafuni nikimsikiliza. "Wewe, goti! Wewe, unapumulia wapi? Mara ya ngapi nakwambia?" Aliwafokea mpaka wengine wakatokwa na machozi. Na mimi kule upande wa pili, akisema goti, nilikuwa nanyoosha goti langu. Akisema pumua, napumua. Hakuna aliyeniona. Wenzangu wakitoka pale wamenuna nilikuwa nawashangaa, maana mimi ningetoa kila nilichokuwa nacho ili yule mtu anifokee hata mara moja.

Leo nabeba watu wawili wazima mabegani, na bado alichoona ni kisigino. Simwandikii tena. Vile viti nitawapa watu wengine.

Mwanao

*

9 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaunguza chakula.

Hebu nikuulize. Umeandika kwamba ulilala sakafuni ukitamani kufokewa. Sasa umefokewa, kwa bahasha na kwa stempu, na umenuna. Wewe na baba yako mnanichosha. Ningejua kwamba nitazaa mtu aliyekwishazaliwa, ningepumzika.

Sikiliza. Baba yako hamrekebishi mtu wa nje. Umesahau, kwa sababu uliondoka hapa ungali na hasira. Kundi la watu wengine likija kuonyesha michezo yao ukumbini kwetu, hata wakidondoka mmoja baada ya mwingine, yeye hupiga makofi. "Vizuri sana, vizuri sana," halafu anaagiza soda. Wageni huondoka wakisema mzee yule ni mpole kama maji mtungini. Watoto wake wa mazoezi ndio hawajawahi kulisikia hilo neno "vizuri" kutoka kinywani mwake. Akikwambia kisigino, jua amekuweka kwenye mstari. Amechelewa, sibishi. Amechelewa mno. Lakini ndipo alipofika.

La pili ameniambia nisikwambie, kwa hiyo lisome upesi. Picha yako ilipofika aliingia nayo ukumbini akafunga mlango. Aliwapanga vijana wakubwa kama mlivyojipanga ninyi, kwanza huyu chini, kisha yule, akitazama picha, akikuna kichwa. Mwishowe akasema nyote hamjui kitu, akavua shati, akasimama chini yeye mwenyewe. Umri ule! Wakampanda. Mgongo ukakwama palepale. Walimleta nyumbani kama meza, amelazwa ubavu, na bado anauliza kama kuna aliyekiona kisigino chake. Nimemkanda kwa maji ya moto mpaka mikono yangu imebabuka. Akiulizwa na watu anasema alikuwa anainua magodoro. Anajikaza kisabuni, akipiga chafya anaita mama yake.

Mimi sikwambii umsamehe. La siku ile ni lake, mwulize mwenyewe. Mdomo unao na kalamu unayo. Ila viti usigawe.

Mama yako

*

28 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo.

Kisigino sitakirekebisha, na nitakwambia kwa nini.

Mimi ni mrefu, na urefu wangu mwingi uko kwenye paja. Nikikanyaga kwa unyayo mzima, wa tatu anapopanda uzito wote unanirudia kiunoni. Nilisimama hivyo miezi ya mwanzo na nilikuwa siwezi kuinama kuvaa viatu. Nikiacha kisigino cha kulia kielee, upana wa kidole tu, mguu unapata habari kabla ya mgongo. Wa tatu akielemea kushoto, mimi nimekwishajua naye hajajua. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nabeba masufuria ya mchuzi kutoka jikoni hadi kwenye meza ndefu, na mchuzi ukimwagika wanasarakasi hawana huruma.

Shingo, umesema kweli. Nimeirudisha nyuma na maumivu ya bega yamekwisha. Kamanda ameniuliza nani ameniambia, nami nimemjibu. Mkono nimeupandisha pia. Wa pili anasema sasa halali na alama za vidole vyangu.

Sasa na mimi nina swali. Wale watoto ukiwakosoa huwa unawapa sababu: goti limefanya hivi, ndiyo maana ulianguka vile. Mimi hukunipa. Kwa nini mkono wako ulinipita? Sitaki pole. Nataka sababu, kama unavyowapa wengine.

Na mwezi wa nane, unakuja?

Mwanafunzi wako asiyesajiliwa

*

25 Mei

Kwa binti yangu,

Marahaba. Barua yako nilikaa nayo. Niliandika majibu nikayachana, mama yako akaniambia karatasi si nyasi.

Umeuliza sababu. Siku ile nilikuwa natafuta wa juu. Wa chini nilikuwa nao, wanaume wenye nguvu zao. Nilichokosa ni watoto wepesi, na nilipopita kwenye mstari nilikuwa natazama vifundo vya miguu na mabega membamba. Wewe ulikuwa mrefu na mzito. Mtoto wa kike mzito sikuwa na pa kumweka akilini mwangu. Kwamba mwanamke anaweza kuwa wa chini, halikunijia hata kama ndoto. Kwa hiyo sikuamua kwamba hufai. Sikukufikiria kabisa. Nikilitazama sasa naona hilo ndilo baya zaidi, lakini umesema hutaki pole, basi sitoi.

Nimekuwa nikiwaambia wazazi, samaki mkunje angali mbichi. Wewe umejikunja mwenyewe ukiwa umeshakauka, na hukuvunjika. Sijui la kuwaambia tena.

Kisigino nimekisoma. Habari ya mguu kuujulisha mgongo nimeielewa nusu. Nieleze tena polepole: kinaelea tangu wa pili anapopanda, au ni wa tatu tu? Na ukitembea?

Nimesikia umeandikiwa habari ya mgongo wangu. Hauna kitu. Mama yako ana mdomo mpana.

Mwezi wa nane bado mbali. Tutaona.

Baba yako

*

14 Julai

Baba,

Shikamoo.

Kinaelea tangu wa tatu anapoweka goti lake kwenye bega la wa pili, si kabla. Nikitembea nakishusha na kukinyanyua, kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto. Ukitaka kujaribu, jaribu bila mtu yeyote mgongoni kwako, tafadhali. Bila hata Mama.

Sababu uliyonipa nimeibeba siku nyingi. Kwanza iliniuma kuliko nilivyotarajia. Miaka yote nilidhani ulinitazama ukaniona mbovu, kumbe hata kunitazama hukunitazama. Kisha ikaniondolea kitu, sijui nikiiteje. Nilikuwa nabishana na hukumu ambayo haikutolewa. Nimepumzika kubishana. Sasa kilichobaki ni hamu tu, na hamu haina wa kubishana naye.

"Tutaona" yako naijua. Nilipoomba viatu vya mazoezi ulisema tutaona. Nilipoomba nikae tu ukumbini nitazame, ulisema tutaona. Kwa hiyo sijui nikutegemee au la, na hiyo inanisumbua kwenye kazi, maana wa chini hatakiwi kuwa na mtu mwingine kichwani.

Acha nikwambie kitu ambacho wewe unakijua kuliko mimi. Wa chini hatazami juu. Nimekuwa chini ya mnara huu mwaka na zaidi na sijawahi kuuona. Natazama doa moja ukutani, nasikia watu wanavuta pumzi, nasikia miguu ya wa tatu ikitulia, basi. Wenzangu husema unapendeza. Watu wakarimu husema mengi. Ningependa aniambie mtu ambaye hajui kusifu. Njoo unieleze mnara wangu unafananaje.

Viti ni vile vile, mbele kabisa, mkono wa kushoto. Tarehe kumi na sita Agosti, saa kumi alasiri.

Binti yako

*

17 Agosti

Baba,

Viti vilikuwa vitupu vyote viwili.

Sikuvitazama mwanzoni, nilijikataza. Nilivitazama mwisho, tulipoinama kuwaaga watu. Mtu mmoja alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kimoja. Nilimpigia Mama tukiwa kwenye gari. Anasema goti limevimba, hakuweza safari, na wewe hukuwepo nyumbani, umetoka kumtafuta fundi wa paa. Siku ya jana, Baba. Paa.

Mnara ulikwenda vizuri. Nilijua ungekwenda vizuri, uwepo usiwepo, na hilo ndilo jambo jipya ninalokuletea. Zamani ningeanguka. Jana sikuanguka, sikutetemeka, niliwabeba mwendo mzima wa jukwaa, nikawashusha salama, kisha nikaenda kukaa nyuma ya pazia nikavua bendeji za mikono taratibu. Sitaacha kazi hii kwa sababu hukuja. Lakini usidhani sikukungoja. Nilikungoja na kila kitu changu.

Tunaondoka leo asubuhi.

Binti yako

*

17 Agosti

Kwa binti yangu,

Nakuandikia leo kwa sababu nikingoja kesho sitaandika.

Nilikuja.

Mama yako nilimwambia natoka kumtafuta fundi wa paa. Hakuniamini, alinifungia chakula cha safari. Nilifika mapema. Kiti nilikiona, nikakaa, nikaona kwamba pale mbele wa chini anaonekana kifua tu, visigino vinafichwa na ukingo wa jukwaa. Na mimi nilikuja na kazi. Kwa hiyo nikahamia pembeni, karibu na mlango wanapoingilia vijana wa magodoro, ndipo unapoonekana mguu mzima. Wakaniambia mzee hapa hapakaliwi. Nikawaambia nitasimama.

Ulipotoka nilikuwa nimejiandaa. Wa pili akapanda, kisigino chini, kama ulivyosema. Shingo sawa. Wa tatu akaweka goti. Nikasema sasa, tazama kisigino.

Uliniomba nikueleze mnara ulivyofanana. Siwezi. Sikuutazama. Kisigino nacho sikukiona, kama kilielea au hakikuelea sijui. Nilikuwa nakutazama wewe. Uso wako ulikuwa umetulia, kama unasikiliza mtu anayezungumza chumba cha pili. Nimefundisha sarakasi maisha yangu yote na sijawahi kumtazama wa chini usoni. Nilitazama mpaka mkafika upande wa pili, watu wakapiga makofi, ndipo nikashtuka kwamba nimeyakosa yote. Ukiniuliza kasoro, sina. Mtu aliyekuwa karibu nami alinipa kitambaa.

Baadaye nilizunguka hadi mlango wa nyuma. Kuna mlinzi pale. Nikasema namtaka yule wa chini. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani wake?" Swali dogo tu. Nikataka kusema mimi ni mwalimu wake, nikaona nitakuwa nimeiba kazi ya watu. Nikataka kusema mimi ni baba yake, nikaogopa aniulize mbona basi hukukaa kwenye kiti alichokuwekea. Nikamwambia samahani, nimepotea njia. Nikapanda basi.

Njia nzima nilikuwa namjibu yule mlinzi.

Baba yako

*

5 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo.

Barua zetu zilipishana njiani. Ile yangu ya hasira bila shaka umeshaipata. Usiichane, iweke, sehemu ya katikati bado naisimamia.

Yako nimeisomea jikoni. Siku hizi jiko halinihusu, ila ndiko nilikozoea kulia, vitunguu vinabeba lawama. Mpishi mpya amenipa kimoja nikimenye ili nionekane nina kazi. Nimekisoma kile kipande cha mlinzi mara nyingi, na kila mara nataka kupiga kelele ndani ya karatasi: nilikuwa nyuma ya ukuta huo, Baba, nimekaa, sina ninalofanya, nafungua bendeji. Mlinzi yule angekuruhusu hata ungesema wewe ni fundi wa paa.

Kwa hiyo bado hatujaonana. Umeniona wewe, mimi sijakuona, na sikubali iishie hapo.

Kamanda amenipa likizo mwezi wa kumi na mbili. Nakuja nyumbani. Sitaki sherehe, sitaki wageni, na ukinisifu mbele ya wale watoto nitageuza na basi lilelile. Tutaingia ukumbini asubuhi, sisi watatu. Mama atakaa kwenye kiti na goti lake na atusimange anavyotaka. Nitatandika magodoro, kisha nitasimama chini, na wewe utavua viatu, utapanda mabegani mwangu polepole, usubiri mpaka nikwambie sawa, ndipo usimame. Usibishe. Ulikuwa wa juu kabla hujawa mwalimu wa mtu, mwili haujasahau. Nitakuzungusha ukumbi mzima.

Lakini nahitaji kujiandaa, kwa hiyo nijibu hili upesi na unijibu ukweli, si zile za ujanani: una kilo ngapi?

Binti yako